Mbwa na Hiace kando ya Malagarasi: dalili, chanzo na la kufanya

Hiace yetu ni ya dizeli na umri wake umeenda. Siti za nyuma ziling'olewa, na seremala mmoja hapa Tabora akatutengenezea kitanda cha mninga chenye droo mbili chini. Injini iko chini ya siti za mbele. Nyuma yake tu, sakafuni, ndipo lilipo tandiko la Bosi, mbwa wetu wa miaka sita.

Nataja mpangilio huu mapema kwa sababu matatizo mengi tuliyoyapata kwenye njia ya Urambo, Kaliua hadi mto Malagarasi yalianzia hapo. Sisi tunakaa juu, upepo wa dirisha unatupiga usoni. Mbwa yuko chini kabisa, karibu na bati. Joto la injini, moshi wa bomba, gesi iliyovuja, vyote vinampata yeye kabla yetu. Ndiyo maana siku hizi mbwa akionyesha dalili simkagui yeye peke yake, nakagua na gari. Gari nalo likianza vituko, namtazama mbwa.

Mbwa anagoma kupanda gari

Wengi huona ni utundu, wakamvuta kwa kola. Nilifanya hivyo alfajiri moja, saa kumi na moja, mizigo imeshapangwa. Mke wangu akaniambia, "Baba, hebu mwache kwanza. Huyu si kawaida yake." Niliinama nikaweka pua pale anapolala na harufu ya gesi ikanipiga. Nikiwa nimesimama sikuwa nimeisikia.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya gari inashuka na kutulia sakafuni, na mlango wa ubavuni wa Hiace haufiki chini kabisa kiasi cha kuitoa yote. Ukiikuta, usiwashe taa, usiguse swichi ya gari, wala usijaribu jiko "uone kama kweli". Fungua milango yote, toa mtungi nje, subiri. Halafu paka povu zito la sabuni kwenye valvu, regeleta na mpira hadi kwenye jiko. Povu likichemka mahali, hapo ndipo. Kwetu ulikuwa mpira mdogo wa duara ndani ya regeleta, umepasuka kwa uzee. Tangu siku ile mtungi wa kilo 6 unasafiri ukiwa umefungwa valvu na regeleta imetolewa, na tukifika unakaa nje.

Kama hakuna harufu, mkague mwenyewe: nyayo, masikio, kucha, nyonga. Mbwa mzee anaweza kukataa kwa sababu kuruka kunamuuma tu. Ubao mpana wenye vipande vya gunia usiteleze unamaliza kesi. Na kama alitapika safari iliyopita, anakumbuka. Muwashie injini gari likiwa limesimama, mpe kipande cha nyama ndani, mshushe. Siku nne tano hivi.

Udenda mwingi, kutapika

Mwendo unamchafua tumbo. Usimlishe saa chache kabla ya kuondoka, mpe maji kidogo kidogo, fungua dirisha, simama kila baada ya saa mbili atembee. Usimpe dawa ya kichefuchefu ya binadamu kabla ya kumuuliza daktari wa mifugo.

Anahema kupita kiasi

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anapoa kwa kuhema, na kidogo kupitia nyayo. Kuhema peke yake, basi, si ugonjwa. Tazama vingine: ulimi umetanuka, mate ni mazito yananata, fizi nyekundu mno, miguu ya nyuma inalegea, na ukimwita hageuki. Hapo joto limemzidi. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Kipakwe mafuta, kipimwe kwa njia ya haja kubwa. Kawaida yake ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Ikifika 40 shtuka. Ikifika 41 ni dharura.

Chanzo cha kwanza kukitafuta ni sakafu. Baada ya saa moja ya mwendo weka kiganja chako pale alipolala, kikae sekunde kumi. Ukishindwa kuvumilia, umejua. Kuongeza godoro hakusaidii kama unavyodhani, kwa sababu sponji nene inashika joto la mwili wake mwenyewe. Kilichotusaidia ni chaga: vipande vya mbao vilivyopigiliwa kama kitanda kifupi, hewa ikapita chini, juu yake mkeka. Pia tulimsogeza nyuma, mbali na injini, japo alinung'unika kwa kukosa kuona barabara.

Chanzo cha pili ni sisi. Unasimama Kaliua kununua ndizi, unakutana na mtu mlisoma naye, maongezi yananoga. Gari lililofungwa vioo linageuka tanuri ndani ya dakika chache, na kivuli ulichoegesha chini yake hakikusubiri. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, ndiyo miezi mibaya zaidi upande huu. Mtu mmoja abaki na mbwa, au mbwa ashuke na kamba yake.

Akizidiwa, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani, kwenye mapaja na nyayo, halafu mpepee kwa kanga. Kupepea ndiko kunakopoza. Usimfunike taulo lililolowa ukamwacha, maana taulo likishapata moto linamzibia. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo kama anameza mwenyewe, usimlazimishe. Joto likishuka hadi 39 na nusu hivi acha kumwagia, asije akapoa kupita kiasi. Na hata akiinuka na kutikisa mkia, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani joto kali linaweza kuumiza figo na madhara yakaonekana baadaye.

Amelegea, lakini hana joto

Dalili hii naiogopa kuliko zote. Mbwa amelala usingizi mzito, akiamshwa anayumba, wala hahemi kama wa joto. Wewe nawe kichwa kinauma kwa mbali, umeanza kusinzia, unasema ni uchovu wa safari. Simamisha gari. Shukeni wote.

Inawezekana ni kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu inayotoka kwenye moshi wa injini na kwenye mkaa unaoungua. Haina harufu wala rangi. Njiani inaingia kwa namna mbili. Moja ni tundu la kutu kwenye sakafu juu ya bomba la moshi lililopasuka. Unaweza kulisikia bomba lenyewe: gari linanguruma zaidi ya zamani. Ya pili ni wema wetu. Tunaacha mlango wa nyuma wazi kidogo "mbwa apate hewa". Gari likikimbia, hewa ya nyuma yake inazunguka na kuvutwa ndani, nayo inaingia pamoja na moshi wa bomba. Ukitaka hewa, fungua madirisha ya mbele na ya ubavuni, nyuma pafungwe.

Kambini njia ni jiko la mkaa. Mvua imeanza ghafla, ugali haujaiva, mtu analiingiza jiko ndani. Au usiku wa mwezi wa saba baridi inang'ata na makaa "yamebaki kidogo tu". Usithubutu. Makaa yaliyofifia bado yanatoa sumu hiyo, na waliolala hawaamki kuisikia.

Geji ya joto inapanda

Kabla ya kufungua boneti jiulize injini inachemsha wakati gani. Jibu hilo peke yake linaondoa nusu ya ubishi wa mafundi.

Ikichemsha ukienda polepole au ukisimama, kisha ikapoa ukikimbia, tuhumu feni: klachi yake imechoka au mkanda umelegea. Upepo wa mwendo ulikuwa ukiifanyia kazi yake. Ikipoa ukienda polepole lakini ikapanda kwenye mlima au mwendo mkali, tuhumu rejeta iliyoziba au themostati isiyofunguka vizuri. Maji yakipungua bila kuona yanakovujia, moshi ukiwa mweupe na mzito hata baada ya injini kupata moto, mapovu yakipanda kwenye rejeta, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Hapo safari imeisha, tafuta gari la kukuvuta.

Kuna chanzo kimoja ambacho mafundi wa mjini hawakifikirii. Ukiacha barabara kuu na kufuata njia ya kwenda mtoni miezi ya kiangazi, unapita kwenye nyasi kavu zilizofika kwenye taa. Mbegu zake zinanyonywa na feni na kujaza nafasi za rejeta kama pamba kwenye mto. Kwa nje unaona vumbi tu. Chungulia na tochi. Injini ikipoa, mwaga maji kutoka upande wa injini kuelekea nje ili uchafu utokee ulikoingilia, ukisugua kwa brashi laini. Mara ya kwanza nilitoa mbegu za kujaza kikombe. Sasa tunafunga wavu wa chandarua cha zamani mbele ya rejeta tukiacha lami, tunaukung'uta kila kituo, na tukirudi lami tunautoa.

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ikiwa moto. Maji yaliyobanwa ndani yatakuunguza uso. Mbinu ya kuwasha hita ili ipunguze joto la injini inafanya kazi kweli, ila kama Hiace yako ina hita ya nyuma, joto lile linamwagika sakafuni. Mshushe mbwa kwanza.

Gari limezama

Udongo mweusi wa mbuga ukiwa mkavu una nyufa za kuingia mkono. Ukilowa, hata mara moja, ni sabuni. Hiace yetu inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kitanda na matangi ya maji vipo huko huko, kwa hiyo mkia ndio unaotangulia kuzama. Usikanyage mafuta, kila mzunguko unachimba kaburi. Shusheni mizigo, punguza upepo wa matairi ya nyuma, chimbua mbele ya gurudumu, tandika matawi au vipande vya mkeka, kisha toka kwa gia ndogo bila kukoroga. Ongeza upepo kabla ya kurudi barabarani. Mbwa afungwe mbali. Bosi alipenda kusimama nyuma ya tairi kutazama, mahali pabaya kuliko pote.

Dawa halisi ni kushuka na kutembea mbele ya gari kabla ya kuingia. Nyayo zako zikijaa maji, rudi.

Mwenyeji anakunja uso

Hili si tatizo la mitambo lakini limetufukuza kambini mara mbili. Kigoma na Tabora zina Waislamu wengi, na kwa wengi wao mate ya mbwa ni najisi. Mwingine si dini, ni mbuzi wake. Ukimfungulia mbwa akashuka mbio kabla hujasalimia, umeshaharibu. Mwache ndani, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mwenye eneo, salimia, eleza mko wangapi na mna mbwa. Mzee mmoja karibu na mto alinisikiliza hadi mwisho.

"Amechanjwa?"

"Ndiyo mzee, kadi hii hapa."

Akaigeuza kadi, akaitazama. "Haya. Akilala chini ya gari lenu mimi sina neno. Akifika kwenye zizi, tutagombana."

Tukafunga kamba ya mita tano, tukateka maji kwa ndoo yetu, na bakuli la mbwa halikugusa kisima. Tulikaa siku nne, na siku ya mwisho mzee akatuletea mahindi ya kuchoma.

Kadi ile si pambo. Chanjo ya kichaa cha mbwa inahitaji muda mwilini, kwa hiyo mbwa anayechanjwa mara ya kwanza achanjwe angalau wiki tatu kabla ya safari. Mbwa wa vijijini hawana wote chanjo, na wako atawakuta. Mtu yeyote akiumwa na mbwa, wenu au wa pale, oshea kidonda maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu, usimpeleke mbwa hifadhini. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, na Gombe huko Kigoma si mahali pa mbwa wa kufugwa. Eneo oevu la Malagarasi na Muyovozi, lililoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu muhimu duniani, limegusana na mapori ya akiba, na mpaka hauonekani kwa macho. Uliza ofisi ya kijiji kingo ipi ni ya kijiji.

Hataki kusogea mtoni, au anabweka gizani

Mwamini. Malagarasi una mamba na viboko. Mbwa anayeinama kunywa maji ukingoni jioni ni windo la mamba lililojileta lenyewe, kwa hiyo maji yake yatoke kwenye dumu. Usimtupie fimbo majini aifuate.

Akinguruma usiku akitazama upande mmoja, usitoke na tochi kwenda kuona ni nini. Kiboko anatoka majini gizani kwenda kula nyasi, na hatari yake ni kukutana naye ukiwa umesimama kati yake na maji. Asubuhi tafuta njia yake: mifereji miwili sambamba ya nyayo yenye nyasi katikati. Ukikuta umeegesha juu yake, hilo ndilo jibu la kelele za usiku. Hama. Na panda juu zaidi ya alama ya maji kwenye miti, kwa sababu mto huu unaanzia milima ya mpakani na Burundi. Unaweza kupanda wakati kwenu hakujanyesha tone.

Akija analia, amefumba jicho, machozi yanamtoka, huenda ametemewa sumu na nyoka aitwaye swila. Osha jicho kwa maji mengi safi, muda mrefu, kisha daktari.

Asubuhi gari halishtuki

Ukisikia "tik" moja tu, au tiki nyingi dhaifu na taa zikafifia, ni betri au vichwa vyake vimeshika kutu. Starta ikizunguka kwa nguvu lakini injini haiwaki, na ni asubuhi ya baridi, tazama plagi za kupashia joto. Pima betri kwa mita kabla ya kubishana: ikiwa imepumzika, volti 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, 11.8 imekwisha. Injini ikiwa inazunguka isome kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo alternata haichaji.

Kwetu alternata ilikuwa nzima, betri ilikuwa nzima, na bado tulisukuma gari asubuhi tatu mfululizo. Tulihangaika hadi tukagundua kwamba mlango wa ubavuni unabaki wazi jioni nzima ili Bosi aingie na kutoka, na mlango ukiwa wazi taa ya darini inawaka. Taa ndogo, lakini inawaka kwa muda wa saa sita kila siku. Juu ya hapo, sola iliyofungwa kwenye paa ilikuwa haichaji chochote, maana kwa ajili ya mbwa tunaegesha kivulini chini ya mti. Kinachomponya mbwa kinaiua betri. Tulichofanya ni kuzima ile taa kwa swichi yake, kutenga betri ya pili kwa ajili ya simu na taa za kulalia, na kuishusha sola kutoka paani. Sasa ina waya wa mita nane, inakaa juani, gari linakaa kivulini.

Mmesharudi nyumbani, wiki mbili zimepita

Mbwa hali, amekonda, fizi zimepauka. Watu wanasema kachoka. Hapana, chunguza alikopita.

Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, fikiria babesia inayoletwa na kupe. Homa, uvivu, kutokwa damu puani, tezi kuvimba: kupe tena, ugonjwa mwingine, nao unaweza kujificha wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza. Jicho likifanya ukungu wa bluu au mweupe, uso ukivimba, homa ikija na kuondoka, mwambie daktari mapema kwamba mlipita kwenye misitu ya miombo yenye mbung'o, wale tunaowaita ndorobo. Vimelea wanaowaua ng'ombe kwa nagana wanamuua na mbwa, na daktari wa mjini asipoambiwa safari yenyewe anaweza kutibu jicho peke yake.

Mbung'o huuma mchana, hufuata kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Gari ni ng'ombe mkubwa kwao. Ukiwaona wamejaa kwenye kioo, funga madirisha hadi mpite eneo hilo, hata kama ni joto, kisha muue walioingia kabla ya kuendelea. Hujificha chini ya siti, kwa mbwa. Tandiko letu la kwanza lilikuwa la bluu iliyokolea. Tulilibadilisha.

Usimchome mwenyewe dawa ya ng'ombe ya nagana iliyobaki kwa jirani, wala usimwogeshe dawa ya josho kwa kukadiria. Mbwa ana kipimo chake, na kikizidi dawa ile ile inamwangusha. Unachoweza kufanya ni kumpapasa kila jioni ya safari: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwapani. Kupe mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, moja kwa moja, bila kumminya tumbo. Nyuma ya kadi ya chanjo ya Bosi mke wangu huandika tarehe, mahali, na idadi. Mara ya mwisho iliandikwa "Malagarasi, 11, sikio la kushoto", na daktari alipoisoma hakuuliza swali la pili, akachukua damu.